Jiwe la Mvita: mwamba uliobeba mji, na jinsi unavyolika

Simama chini ya Fort Jesus maji yakiwa yamekupwa, sogea hadi uweze kuugusa mwamba kwa mkono, utaona maumbo unayoyajua. Kuna madonge yenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi. Kuna vitundu vilivyopangana kama sega la nyuki. Kuna matawi yaliyovunjika na kulala chali, na baina yake makombe na maganda ya chaza yaliyogandamana na jiwe hata huwezi kuyabandua. Hayo ni matumbawe, jamii moja na yale ambayo mvuvi wa Nyali huyaona leo akichungulia kutoka kwenye ngalawa. Tofauti ni kwamba haya yaliishi na kufa takriban miaka 125,000 iliyopita, na juu ya mgongo wao ndipo ulipojengwa mji wa Mvita.

Nataka kulieleza jiwe hilo kwa kirefu kidogo. Habari za kisiwa chetu tunazisoma kila siku: feri, bandari, siasa, nyumba za kale, nani kauza kiwanja na nani kanunua. Kisiwa chenyewe, yaani hicho kinachotubeba na haya yote, ni nadra kuandikwa. Na kinalika.

Mimi kwa sasa kazi imenileta Burat, Kaunti ya Isiolo, mbali kabisa na harufu ya chumvi, na pengine umbali huo ndio ulionifanya nilitazame jiwe la kwetu upya. Huku mto Isiolo ukipungua, kitanda chake kinakuwa kama duka la mawe. Utaokota naisi, jiwe lenye mistari myeupe na myeusi, lililopikwa ndani kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Utaokota vipande vyeupe vya kwatzi. Kando yake utaokota jiwe jeusi, zito, lenye vishimo vya hewa: hilo lilimwagika likiwa moto kutoka milima ya volkano ya upande huu, Mlima Kenya na safu ya Nyambeni. Nilipomweleza mzee mmoja jirani yangu, mfugaji, kuwa jiwe la Mombasa limejengwa na wanyama wadogo wa baharini, alicheka kisha akauliza, "Kwa hivyo, mwalimu, nyinyi watu wa Pwani hata mawe mnafuga?"

Swali la utani, lakini limeelekea. Tumbawe ni mnyama. Kila kidonge cha tumbawe ni mji wa vinyama vidogo laini vinavyonyonya chokaa kutoka maji ya bahari na kujijengea nyumba ya jiwe. Ndani ya miili yao mnaishi mwani mdogo sana unaohitaji mwanga wa jua, na ndiyo sababu matumbawe yanayojenga miamba hayapendi kina kirefu wala maji yenye tope. Aina zile za madonge makubwa hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Wenyewe wakifa nyumba inabaki, wengine wanajenga juu, na mchanga wa makombe yaliyosagika unaingia katika nyufa na kuziba. Ukilichunguza vizuri jiwe letu utakuta sehemu kubwa yake ni huo mchanga ulioshikamana; matumbawe mazima mazima yamo humo kama zabibu ndani ya mkate.

Sasa, mwamba huo ulijengwa chini ya maji. Imekuwaje leo uko juu, umepandwa mibuyu na kujengwa ngome? Jibu liko kwenye bahari. Miaka ile 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto, barafu ya ncha za dunia ilikuwa imepungua, na bahari ilisimama mita sita hadi tisa juu ya ilipo leo. Mwamba ukakua kufikia usawa huo. Kisha baridi ikaja, maji ya dunia yakafungwa kwenye barafu, na bahari ikashuka. Ilishuka kwa vipindi, ikipanda kidogo na kushuka tena, hadi takriban miaka 20,000 iliyopita ilipofikia kiasi cha mita 120 chini ya ilipo sasa. Wakati huo hapakuwa na kisiwa cha Mombasa. Palikuwa na kilima cheupe cha mawe chokaa, na ufuo ulikuwa mbali zaidi, nje ya pale meli zinapotia nanga zikisubiri kuingia bandarini.

Hapo ndipo mito ilipofanya kazi yake. Kombeni na Tsalu kwa upande mmoja, Mwache na Cha Shimba kwa upande wa pili, ilikuwa inateremka kutoka bara kuifuata bahari iliyokimbia, na katika kuteremka ikakata mabonde marefu kupita kwenye jiwe. Barafu ilipoyeyuka bahari ilirudi, ikaingia katika mabonde hayo kama mtu anayerudi nyumbani kwake akakuta milango imeongezwa. Bonde moja likawa hori ya Tudor, jingine likawa Port Reitz na Kilindini. Kilima kilichobaki katikati kikazungukwa na maji, na hicho ndicho kisiwa. Mtwapa na Kilifi ni habari hiyo hiyo: mito iliyozama.

Wazee waliopaita Kilindini hawakuwa na ramani ya chini ya bahari, lakini jina wamelipatia. Kilindi ni maji ya kina kirefu, na kina hicho ni koo la mto wa zamani. Bandari inayolisha Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo inakaa pale kwa sababu mto ulichimba shimo wakati bahari haipo. Na nahodha akiingia anapita kwenye mlango wa mwamba ambao nao una sababu yake: mbele ya mahori, maji ya mto na tope viliyazuia matumbawe yasikue, mwamba ukabaki wazi. Palipo na mlango, nyuma yake kuna mto, au ulikuwako.

Si kisiwa kizima kilicho cha matumbawe. Upande wa mashariki, kuanzia Mji wa Kale hadi Ras Serani, ni mwamba mtupu. Upande wa magharibi unakuta mchanga mwingi, uliotulia nyuma ya mwamba wakati pale palipokuwa maji matulivu ya ndani. Ukivuka Makupa kuingia Changamwe na kuelekea Port Reitz, jiwe linabadilika kabisa: matabaka ya udongo mgumu wa kijivu, unaopasuka kama vitumbua vilivyokauka, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 145. Humo wataalamu wameokota amonaiti, wanyama wa baharini wenye ganda la mzunguko kama pembe ya kondoo dume, waliotoweka duniani pamoja na madinosaria. Wakati huo bahari ndiyo kwanza inaingia huku, kwa kuwa Madagaska, iliyokuwa imeshikana na pwani ya Afrika Mashariki, ilikuwa inajitenga na kuondoka. Ukizidi kupanda, Mazeras na Mariakani, unafikia mawe ya mchanga yaliyo makuu zaidi, ya kabla ya bahari hiyo. Na Mazeras hupatikana magogo ya miti yaliyogeuka mawe. Yaani safari ya matatu ya saa moja kutoka mjini inakurudisha nyuma zaidi ya miaka milioni 200, na nauli ni ile ile.

Turudi kisiwani. Watu wetu walilijua jiwe hili kwa mikono kabla ya mtu yeyote kulipima umri. Walitofautisha la nchi kavu na la baharini. La nchi kavu, gumu na la mikwaruzo, lilichimbwa na kupangwa kwa chokaa kuwa kuta nene. La baharini, tumbawe la donge, lilikatwa likiwa bado bichi na laini, likachongwa upesi kabla ya kukauka na kushupaa, na kwa hilo zikafanywa zidaka, mihirabu na mapambo ya milango. Hata chokaa ni tumbawe lile lile: lilipangwa juu ya magogo, likachomwa, likazimwa kwa maji na kuachwa likae. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haizidi sana mita tatu, vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Ukiingia nyumba ya Mji wa Kale au ya Lamu umezungukwa na mwamba juu, chini na pande zote.

Wareno nao hawakuleta jiwe. Walipoanza Fort Jesus mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, waliichongea ngome ndani ya mgongo wa mwamba wenyewe, handaki likiwa limekatwa kwenye jiwe, na kuta zikapandishwa kwa mawe yale yale. Ni vigumu kuonyesha mahali ambapo mwamba unaishia na ngome inaanzia. UNESCO iliiandika ngome katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Kiti chake, yaani mwamba, hakikutajwa sana.

Na kiti ndicho kinacholika. Jiwe chokaa lina adui watatu pale ufukweni. Wa kwanza ni wimbi, hasa wakati wa kusi. Wa pili ni chumvi, inayoingia kwenye vitundu, ikakauka, ikatanuka na kuvunja jiwe kutoka ndani. Wa tatu ni viumbe: chaza, kome, na wadudu wa baharini wanaotoboa na kukwangua jiwe usiku na mchana wakitafuta chakula na makazi. Watatu hao wanafanya kazi zaidi pale maji yanapopanda na kupwa, na Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inakaribia mita nne. Ndiyo maana miamba yetu imelika chini na kubaki na kichwa kilichotokeza juu, kama uyoga. Ukumbi ule ulio chini, ambao watoto hujificha jua, ni mdomo wa bahari unaotafuna. Ukishaingia ndani mno, kichwa kinaanguka. Hivyo ndivyo ukuta wa mwamba unavyorudi nyuma, pande kwa pande, bila kelele mpaka siku ya kelele.

Mbele ya ngome serikali ilikwisha kujenga ukuta wa kuzuia mawimbi, miaka ya karibuni, baada ya mawimbi kula msingi hadi ikahofiwa ngome itapoteza kona. Wapo walioulalamikia kuwa unaharibu sura ya mahali. Mimi nauunga mkono kwa shingo upande: kupoteza sura ni bora kuliko kupoteza ngome. Lakini ukuta hauwezi kuzunguka kisiwa. Kutoka ngome hadi Mama Ngina na kuzunguka Ras Serani mwamba uko uchi, na chini yake kuna mapango ambayo mvuvi yeyote atakuonyesha. Juu ya mwamba huo huo watu wanajenga maghorofa, wakisogea ukingoni kila mwaka ili mnunuzi aone bahari bila kuinuka kitandani. Mhandisi hupima uzito wa jengo na nguvu ya jiwe alilolichimba pale pale. Pango lililo hatua kumi mbele, likielekea kwake, halimo kwenye karatasi yake. Mwamba wa aina hii una matundu kama sifongo. Maji ya mvua yanauyeyusha taratibu kutoka juu na bahari inauchimba kutoka pembeni. Kiwanja cha ukingoni kingetakiwa kutazamwa kutoka baharini kabla ya kutazamwa kutoka barabarani.

Kuna jambo jingine la mwamba huu linalogusa kila nyumba: maji. Mvua ikinyesha kisiwani haikai juu, inazama moja kwa moja. Chini inakutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pande zote, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, yanaelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Kanuni yake inajulikana: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na takriban mita arobaini chini yake. Sasa geuza hesabu. Ukivuta kisima kikashuka mita moja, chumvi inapanda mita arobaini kukufuata. Kisima cha bibi chenye ndoo na kamba hakikuwa na uwezo wa kufanya hivyo. Pampu ya jengo la ghorofa kumi inao. Na vitundu vile vile vinavyopitisha mvua hupitisha maji ya choo cha shimo, bila kuchuja, kwa maana jiwe hili halina udongo wa kuchuja. Kisima na choo kwenye kiwanja kimoja ni majirani wa karibu mno.

Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 mji umekuwa ukinywa maji ya Mzima, yanayozaliwa kwenye mawe ya volkano ya milima ya Chyulu. Jiwe la moto linainywesha jiwe la bahari. Huku Burat, wakulima wanaomwagilia mashamba kutoka mto Isiolo wanakunywa vivyo hivyo kutoka milima ya volkano, ila mto wao hauji kwetu. Unaingia Ewaso Ng'iro, na Ewaso Ng'iro kwa miaka ya kawaida unafia kwenye bwawa la Lorian bila kuiona bahari. Ni miteremko ya upande wa pili wa milima hiyo hiyo, kusini na mashariki, inayopeleka maji Tana, na Tana ndiyo inayoshusha mchanga hadi pwani ya Kipini. Punje za kwatzi ninazozikanyaga hapa zina ndugu zao kule ufukweni.

Tope nalo linashuka, na matumbawe yameandika. Madonge makubwa ya tumbawe hukua kwa pete za mwaka, kama mti. Watafiti walitoboa tumbawe la Malindi wakapata kumbukumbu ya joto la bahari ya miaka 194, kuanzia 1801. Wengine wakapima tumbawe lenye umri wa miaka 300 hapo hapo Malindi, wakakuta kuwa tope la mto Sabaki lilikuwa dogo kwa karne mbili, kisha likapanda ghafla mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mashamba ya walowezi yalipofunguliwa bara na misitu kukatwa. Kumbukumbu ya shamba la Ukambani imehifadhiwa ndani ya jiwe la baharini. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yaligeuka meupe na kufa, na hilo nalo litasomeka miaka elfu kumi ijayo, akiwapo wa kusoma.

Tukija kwenye nyumba za kale, kosa linalofanywa sana ni saruji. Chokaa ni ndugu wa jiwe: inapumua, inaruhusu unyevu utoke. Saruji inaufungia unyevu na chumvi ndani, jiwe linageuka unga nyuma ya plasta nzuri, na siku plasta inapobanduka ukuta unabanduka nayo. Fundi wa chokaa ni ghali na anachelewa. Fundi wa saruji anamaliza wiki hii. Namwelewa mwenye nyumba, lakini atalipa mara mbili.

Mwamba ukichimbwa kwa wingi pia unaweza kutendewa haki baadaye, na mfano tunao. Bamburi walichimba jiwe hili la matumbawe kwa saruji tangu 1954 na kuacha jangwa jeupe. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje kwenye mashimo hayo, akaleta majongoo wale majani yake makavu na kuyageuza udongo, na leo pana msitu. Ilichukua miaka mingi na uvumilivu ambao sioni wachimbaji wadogo wa mawe ya kujengea wakiwekewa sharti la kuwa nao.

Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inatambua kuwa umbile la ardhi laweza kuwa urithi wa taifa, sawa na msikiti mkongwe au ngome. Wenzetu Tanzania wana Ngorongoro-Lengai, inayotambuliwa na UNESCO tangu 2018 kwa ajili ya mawe yake. Sisemi Mvita ishindane na Ngorongoro. Nasema kibao kimoja pale Ras Serani, kwa Kiswahili, kikieleza mtu anasimama juu ya nini, hakihitaji UNESCO. Ramani ya mapango yaliyo chini ya ukingo, iwekwe wazi kaunti kabla ya kibali cha ujenzi, nayo haihitaji UNESCO.

Anayetaka kuona mwenyewe na aende siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, kwani siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Aanzie Leven Steps, Mji wa Kale, ambapo ngazi na njia ya chini zimekatwa ndani ya mwamba hadi majini. Pale ataliona jiwe kwa ndani, bila jua wala wimbi kulichakaza. Kisha ngome, kisha Mama Ngina penye mibuyu, atazame chini bila kuegemea ukingo. Avae viatu vyenye soli nene, jiwe lina meno. Asivunje kipande cha kwenda nacho nyumbani. Na akiteremka kwenye ukumbi ulio chini ya mwamba asikae hapo kupumzika, hasa baada ya mvua kubwa. Atazame pembeni ya miguu yake yale mapande yaliyolala majini, yenye pembe ambazo bado ni kali.